Mota hazikuwa na kosa: miezi saba na CNC yangu ndogo hapa Mbeya

Nina mota mbili za stepa (zile zinazozunguka hatua kwa hatua, yani stepu) kabatini, saizi ya NEMA 23, nimezizungushia gazeti. Ni nzima kabisa. Nilizinunua mwezi wa nne 2023 kwa 230,000 pamoja na usafiri, nikazisubiri wiki tano, nikazifunga, na siku hiyohiyo nikazifungua tena kwa sababu tatizo lilibaki palepale. Zile za mwanzo nilizoziita mbovu ndo zinapiga kazi mpaka leo. Nimeona niandike yote jinsi ilivyokuwa maana najua kuna vijana wengi Mbeya, Iringa, Njombe huko wanaagiza hizi CNC, mashine ndogo za kuchonga kwa kompyuta, na hela wanayoagizia ni ya kudunduliza kama ilivyokuwa yangu, afu mashine ikigoma hakuna pa kuipeleka, fundi ni wewe mwenyewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa mihuri na vibao vya majina, nina kibanda Soweto ya hapahapa Mbeya. Wakawa wanakuja akina mama wanaotengeneza sabuni, wanataka chapa ya alumini ya kugandamizia jina kwenye kipande cha sabuni, na kila mara nawaambia waagize Dar. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu ya wateja niliowarudisha kwa mwaka mzima, roho ikaniuma. Nikaamua. Seti nzima, yani fremu, bol skrubu (skrubu zinazosogeza mashine), mota tatu, draiva tatu (zinazozipa mota umeme), pawa saplai, spindo (inayozungusha kikatio) na Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea GRBL, programu inayoongoza mashine, mpaka inafika mlangoni ilikula 3,400,000. Sehemu ya hiyo hela ilikuwa ya ada ya mtoto muhula wa pili, na mke wangu alikubali kwa shingo upande. Nataja hili kwa sababu presha ya hela ndiyo iliyonifanya nikimbilie kununua vitu badala ya kukaa chini kupima.

Mzigo umefika mwezi wa pili. Kufunga fremu siku mbili, hapo sikupata shida. Shida imeanzia kwenye waya.

Mota ya stepa ya waya nne ina koili mbili, kila koili waya mbili. Karatasi iliyokuja na mota ilisema nyekundu na kijani ni koili moja, nyeusi na bluu ni nyingine. Mbili kati ya mota zangu zilifuata hivo, ya tatu haikufuata, na mi sikupima, nikaamini karatasi. Nikawasha, mota za X (kushoto na kulia) na Y (mbele na nyuma) zikazunguka vizuri, ya Z (juu na chini) ikawa inatetemeka tu na kulia ngrrr bila kwenda popote. Nikafikiri waya umelegea, nikauchomoa kwenye draiva ili niukaze, huku umeme unawaka. Cheche ndogo, taa ya draiva ikageuka nyekundu, na haikurudi tena. 65,000 imeondoka ndani ya sekunde moja.

Hilo nalirudia kwa kila anayenipigia simu: usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Koili ikikatiwa umeme ghafla inarusha volti kubwa kurudi kwenye draiva na transista zake zinakufa hapohapo. Zima, subiri taa ya draiva izimike kabisa maana kapasita huwa zinabaki na umeme kidogo, ndo uguse.

Na kutambua koili wala hakuhitaji karatasi. Weka multimita kwenye ohm, waya mbili zikisoma namba ndogo (zangu zilisoma karibu ohm 1) hizo ni koili moja, zisiposoma kitu ni koili tofauti. Kama huna mita, gusanisha waya mbili za mota ambayo haijafungwa kokote halafu zungusha shafti kwa vidole, ikiwa ngumu ghafla umepata jozi, ikiwa laini jaribu nyingine. Dakika mbili. Mota ikizunguka kinyume na unavyotaka, zima umeme na ubadilishane waya mbili za koili moja, basi, au tumia $3 ya GRBL (mipangilio ya GRBL inaandikwa kwa alama ya $ na namba).

Nikapata draiva nyingine Kariakoo, ikapanda basi, nikaifuata stendi. Sasa mota zote zinazunguka, nikafurahi, nikaingia kwenye hesabu ya stepu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi ukiielewa. Mota inaenda nyuzi 1.8 kwa stepu, kwa hiyo mzunguko mmoja ni stepu 200. Draiva ukiiweka kwenye maikrostepu 8, yani kila stepu inagawanywa vipande 8, inakuwa 1600. Bol skrubu yangu ya X na Y ni 1605, ikizunguka mara moja inasogea milimita 5, kwa hiyo 1600 gawa kwa 5 ni stepu 320 kwa milimita, unaiandika kwenye $100 na $101. Z yangu ni 1204, inasogea milimita 4, kwa hiyo $102 ni 400. Mi nikaona mbona nane ni ndogo, viswichi vyeupe vya draiva vinafika mbali zaidi, nikaweka 32 nikiamini mashine itakuwa sahihi mara nne. Haikuwa. Kwa 32, X inahitaji stepu 1280 kwa kila milimita, na ukitaka iende milimita 3000 kwa dakika ni stepu 64,000 kwa sekunde, wakati GRBL kwenye Uno mwisho wake ni kama 30,000. Mashine ikawa inakwama na kusitasita na mi nikawa nazunguka kwenye mipangilio siku nne nzima. Tena zile stepu ndogondogo hazikupi usahihi unaoudhania, maana nguvu ya kila kistepu ni ndogo sana, mzigo wenyewe unaimeza. Rudi kwenye 8 au 10, inatosha kabisa kwa mashine ya bol skrubu.

Kwenye ampea nikakosea upande mwingine. Mota zangu zimeandikwa ampea 2.8 kwa koili. Draiva zangu, aina ya DM542, zilikuja na viswichi vyote vya ampea vimewashwa, ambapo ni ampea 1.00, na mi nikaziacha hivohivo kwa sababu niligusa mota baada ya nusu saa nikaona ya moto, nikaogopa isije ikaungua. Mota ya stepa kuwa ya moto ni kawaida yake. Zipo zinazofika nyuzi 80 kwenye bodi na zinaendelea kuishi, yani hapo huwezi kuishika. Kinachopunguza moto bila kuua nguvu ni kile kiswichi cha nne, SW4, kinachoshusha ampea nusu mota ikiwa imesimama. Nilipopandisha mpaka 2.84 mashine ikabadilika kabisa, alumini iliyokuwa inaisimamisha sasa inaliwa.

Ila ilikuwa bado haikimbii. Ikivuka milimita 1800 kwa dakika mota inapiga mlio mwembamba kama mbu halafu inasimama, kompyuta yenyewe inaendelea kuhesabu kama hakuna kilichotokea. Hapa ndo unapaswa kujua tabia ya hizi mota: hazina macho. Draiva inasema piga stepu, mota ikishindwa hakuna anayejua, na kuanzia hapo kila kitu kinachongwa mahali pasipo pake. Sababu yangu ilikuwa volti. Pawa saplai iliyokuja na seti ilikuwa volti 24. Mota ikienda kasi koili inabidi ijae na kutoka umeme mara nyingi sana kwa sekunde, na volti ikiwa ndogo haiwahi kujaa, nguvu inapotea. Kuna kanuni watu wa hizi kazi wanaitumia: chukua 32, zidisha kwa kipeuo cha pili cha indaktansi ya mota (jinsi koili inavyopinga umeme kubadilika ghafla) kwa milihenri, unapata volti ya juu inayoifaa. Yangu ni 2.5, inakuja karibu volti 50. Lakini DM542 mwisho wake ni 50 na mota ikifunga breki inarudisha umeme kwenye draiva, ukiweka 50 kamili unaiua, kwa hiyo nikanunua ya volti 36. Ile ya 24 niliyokuwa nimeilipia 80,000 ikakaa pembeni. Kila draiva nikaipa waya wake kutoka pawa saplai, sio kurukia kutoka draiva hii kwenda hii. Sasa ikafika 3000 bila kulia.

Mwisho wa mwezi wa tatu nikajiona nimemaliza. Mama mmoja kutoka Tukuyu akaja, ana sabuni zake za maparachichi, akataka chapa nne. Nikamwamkia, akakaa, tukaongea bei, akanipa nusu ya hela hapohapo bila maandishi. Akaniambia, "Mwanangu, mi nataka herufi zisomeke tu, za Dar zilikuja zimefutika." Nikamwahidi wiki mbili.

Zikaisha wiki mbili, mwezi, miezi mitatu. Niliharibu vibati tisa vya alumini, kimoja 12,000.

Naomba hapa nieleze taratibu maana ndo kiini cha haya yote. Nilikuwa na matatizo matatu tofauti kwa wakati mmoja na mi nikayachukulia kama tatizo moja linaloitwa mota mbovu.

La kwanza: katikati ya kazi X inaruka, herufi mbili za kwanza ziko sawa, ya tatu imehama milimita tano, siku nyingine kumi, siku nyingine haihami kabisa. Hapo ndo nikaagiza zile mota mbili. Wiki tano nasubiri, mama anapiga simu, naanza kuogopa kuona namba yake. Mota zikafika, nikafunga ya X, kibati kikaharibika vilevile. Jioni ile nilifunga kibanda mapema nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, sikutaka kuongea na mtu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mkereza vyuma jirani yangu, hajui chochote cha kompyuta. Nilimwendea kumweleza tu uchungu wangu. Akauliza, "Hiyo mota imeungana na skrubu kwa kitu gani?" Nikamwonesha kaplingi, ile ya alumini iliyochanjwa kama springi, inabanwa na vialeni viwili vidogo (viskrubu vya ufunguo wa aleni). Akaniambia nichore mstari mmoja unaopita kwenye shafti, kaplingi na skrubu, halafu nifanye kazi niangalie. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora. Baada ya robo saa ya kuchonga mstari wa shafti na mstari wa kaplingi ulikuwa umeachana karibu nusu sentimita. Kaplingi inateleza. Shafti yangu ni ya duara tupu, haina bapa, na vialeni vinashika kwa ncha tu. Nikanunua kaplingi za kubana, zile zinazofumbata shafti yote kwa boliti ya pembeni, 18,000 moja, tatizo likafa siku hiyo. Yale mafuta ya kiwandani yanayopakwa kwenye shafti yafute kwanza kwa petroli kidogo, hata kaplingi nzuri itateleza kwenye mafuta. Mistari ya rangi bado ipo kwenye mihimili yote mitatu, X, Y na Z, na naiangalia kila asubuhi.

La pili lilikuwa la ajabu kidogo, limenikuta mwezi wa sita. Asubuhi mashine inapoteza stepu, kuanzia saa tano hivi inakaa sawa, jioni sawa, kesho asubuhi tena. Nikasema ni umeme, asubuhi watu wanawasha mapasi na majiko. Nikapima volti, iko sawa. Mnaokaa huku mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba, asubuhi vidole vinakufa ganzi, kibanda changu ni cha mbao na upepo wa mlimani unaingia wote. Nilikuwa nimepaka bol skrubu na reli grisi ya beringi za magari, ile nzito, nikidhani nzito ndo imara. Siku moja kabla ya kuwasha nikashika skrubu ya Y kuizungusha kwa mkono ikaninyima, nilitumia nguvu kama nafungua kifuniko cha asali iliyoganda. Saa saba mchana nikashika tena, laini. Grisi imeganda usiku, mota inatumia nguvu zake zote kupambana na grisi, ikikutana na alumini hakuna kilichobaki. Nilisafisha yote kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikaweka oili ya haidroliki namba 68 kwenye skrubu na oili ya cherehani kwenye reli. Na kila asubuhi kabla ya kazi naiacha itembee mwanzo hadi mwisho bila kukata dakika kumi, inapata joto. Ukitaka kujua kama tatizo ni la chuma au la umeme, zima kila kitu na zungusha skrubu kwa vidole urefu wote. Ikiwa na sehemu ngumu, usiguse mipangilio, tengeneza hiyo sehemu kwanza.

La tatu lilinisumbua kuliko yote. Kaplingi haitelezi, grisi nyepesi, X na Y ziko vizuri. Lakini kina cha herufi kinaongezeka. Nimeagiza milimita 2, herufi ya kwanza ina 2, ya katikati 2.7, ya mwisho 3.4. Z inazama pole pole kama inaelemewa, nikadhani uzito wa spindo unaivuta.

Kidogo nilikuwa na haki kudhani hivo, maana GRBL ina $1 ambayo ikija ni 25, yani mota zikisimama milisekunde 25 inazikatia umeme, na Z yenye spindo nzito ikikatiwa umeme inaweza kushuka yenyewe. Iweke $1=255, mota zinabaki zimeshika muda wote. Nikaweka. Kina kikaendelea kuongezeka.

Akaja kijana mmoja anasoma umeme chuoni, alikuja kwa ajili ya muhuri wa duka la shangazi yake, akaiona mashine akasahau muhuri. "Shikamoo kaka, hii GRBL?" Nikamweleza. Akaniuliza kama nina saa ya kupimia, dayo geji. Mzee mkereza akatuazima yake, tukaifunga chini ya spindo, tukaisawazisha kwenye sifuri. Kijana akaandika programu fupi: panda milimita 5, shuka milimita 5, mara mia. Hakuna kukata, spindo imezimwa, hewani tu. Tukakaa tunaangalia mshale unapiga mzunguko, unarudi, unapiga, unarudi. Mara ya mia ikasimama, mshale hauko sifuri. Umepita kwa milimita 0.50. Tukarudia mia nyingine, 1.00. Kamili.

Kijana akanyamaza akiangalia ile namba, akasema kaka, kitu kinachoteleza hakiwezi kuwa na nidhamu hivi. Akapunguza kasi nusu, tukarudia, 0.50. Akabadilisha badala ya milimita 5 iwe milimita 1, 0.50 tena. Kwa hiyo sio kasi, sio umbali, sio uzito, ni idadi ya kugeuka. Mara mia ni nusu milimita, mara moja ni 0.005, na kwa stepu 400 kwa milimita hiyo ni stepu mbili kamili. Kila Z inapogeuka kutoka kushuka kwenda kupanda, stepu ya kwanza inaenda chini badala ya juu: moja imeenda kusikotakiwa na moja haikwenda kunakotakiwa, jumla mbili. Chapa yangu ilikuwa na kunyanyua 280 kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Piga hesabu, ni milimita 1.4. Toa 2 kwenye 3.4 uone.

Mi sijawahi kusikia raha ya hesabu kama siku ile, na nilikuwa na huzuni pia, maana vibati tisa na mota mbili vimeenda kwa kitu ambacho saa ya kuazima imekionesha ndani ya dakika ishirini.

Sababu yake iko hivi. Draiva inapokea waya mbili za maelezo, moja ya stepu na moja ya uelekeo. GRBL inabadilisha uelekeo na papo hapo inapiga stepu, hakuna nafasi kati yake. Draiva ya DM542 inataka uelekeo utulie angalau maikrosekunde 5 kabla ya stepu kufika. Ndani yake ishara zinapita kwenye kifaa cha mwanga, opto, na opto za bei ndogo zinawaka haraka ila zinachelewa kuzima, ndo maana ilikosea upande mmoja tu, upande mwingine iliwahi. Zingekosea pande zote mbili zingefutana na nisingeona kitu.

Dawa kwa jinsi nilivyofunga waya, PUL- (ya stepu) na DIR- (ya uelekeo) zote kwenye ethi ya Arduino, ilikuwa kuandika $2=7. Inageuza mpigo wa stepu juu chini kwa mihimili yote mitatu, kwa hiyo ukingo ambao draiva inauhesabu unakuja mwisho wa mpigo badala ya mwanzo, na mpigo una maikrosekunde 10 kwenye $0, uelekeo unakuwa umeshatulia zamani. Kama wewe umefunga PUL+ na DIR+ kwenye volti 5 hali yako ni kinyume, hiyo $2 iache 0. Njia nyingine ni kufungua faili la config.h la GRBL, kuna mstari unaitwa STEP_PULSE_DELAY umefungwa, unaufungua na kupakia upya, ila mi sikuhitaji. Usiamini maneno yangu kwenye hili, funga dayo geji na piga mara mia, yenyewe itakwambia.

Tukaandika $2=7, tukarudia. Mshale ukarudi sifuri. Mara mia tatu, sifuri. Kijana muhuri wake nilimfanyia bure na nikampa nauli.

Kuna jingine dogo nililimaliza haraka: spindo ikiwaka limiti swichi (za kuzuia mashine isipitilize mwisho) zinajigusa zenyewe na mashine inasimama na alamu. Ni kelele za umeme wa spindo kuingia kwenye waya za swichi. Nilitenganisha waya za swichi na za spindo zisilale pamoja, nikatumia waya wenye wavu wa nje na wavu nikaufunga kwenye ethi upande mmoja tu, na kapasita ya 0.1 maikrofaradi kwenye kila swichi. Ikatulia.

Gharama za makosa, ukitoa kaplingi ambazo zilikuwa za lazima: mota 230,000, draiva 65,000, pawa saplai 80,000, vibati 108,000. Ni 483,000. Ada tulilipa kwa mkopo wa kikundi cha mke wangu na tumemaliza mwezi wa kumi na moja. Dayo geji ya kwangu nimeinunua baadaye kwa 45,000, na laiti ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Kibati cha kumi nilikichonga mwezi wa nane mwishoni, usiku, maana nilikuwa sitaki kulala bila kujua. Herufi ya kwanza kina 2.00, ya mwisho 2.01. Vingine vitatu nikavimaliza kesho yake. Mama alikuja mwenyewe kutoka Tukuyu na kipande cha sabuni kwenye kanga, hakuniuliza kwa nini nimechelewa miezi mitano, aliweka chapa juu ya sabuni, akaegemea kwa viganja viwili, akainua taratibu na kuigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Akapitisha kidole kwenye herufi moja moja. "Zinasomeka," akasema, akatoa nusu ya hela iliyobaki.